Meza ya Mkunga Ndani ya Soko la Kivuli

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na tusijisumbue kumtafuta mwingine. Mle mahakamani walikuwamo watu kadhaa ambao wangeweza kukigombea cheo hicho. Kulikuwa na karani aliyesinzia kalamu ikiwa mkononi, na kulikuwa na mzee aliyekuja kusikiliza kesi ya shamba akakosea mlango, akaona aibu kutoka. Lakini Ibara aliwashinda wote kwa mbali, tena akiwa wima, joho limepigwa pasi likanyooka, na mama mkwe wake ameketi nyuma yake akimtazama kisogoni.

Jina la Ibara alibandikwa na fundi viatu mwenye kibanda chini ya ofisi yake. Bwana huyu wakili alikuwa hapiti mahali bila kutaja ibara ya katiba. Mtu akimkanyaga kwenye foleni, ibara ya utu wa binadamu. Kiatu kikichelewa kushonwa, ibara ya haki ya kupata huduma bila kucheleweshwa. Nyumbani watoto wakigombania rimoti ya televisheni, yeye huketi katikati yao na kuanza kupima haki za kila upande, mpaka mkewe aje aizime hiyo televisheni. Mkewe alikwisha kumwambia zamani kwamba katika nyumba ile iko katiba moja, ameiandika yeye, na haipokei marekebisho.

Sasa ikawa hivi. Mama mkwe wake alikuwa mkunga, amestaafu juzijuzi tu baada ya kuisimamia wadi ya wazazi ya hospitali ya mtaa kwa muda ambao hata hospitali yenyewe imeusahau. Hajakaa nyumbani akazoea kulala mchana, ikaja habari kwamba baraza la jimbo linataka kuifunga wadi ile. Akina mama wote waende hospitali kubwa, ng'ambo ya mji, kule ambako barabara ikijaa magari hata mgonjwa wa jino hufika jino limekwisha kung'oka lenyewe.

Sheria ya afya ya jimbo ilikuwa na mlango mdogo. Wakazi wakitia sahihi kwa wingi unaotakiwa, baraza halina budi kukaa hadharani na kuwasikiliza kabla ya kufunga chochote. Wingi unaotakiwa ulikuwa mwingi kweli, na mwezi mmoja waliopewa ulikuwa unayoyoma. Mkunga hakulalamika. Alichukua meza ya kukunja na kiti cha plastiki, akafunga kalamu zake kwa uzi kwenye mguu wa meza, maana binadamu anawajua, akaenda kuketi ndani ya Soko la Kivuli.

Kwa nini huko? Kwa sababu mahali pengine hapakuwapo. Zamani ilikuwa barabara, na wachuuzi wakiuza juani na mvuani. Akaja mfanyabiashara mmoja, akanunua viwanja pande zote mbili, na barabara yenyewe akauziwa na baraza. Akaweka paa, vigae vinavyoteleza na mabenchi. Watu wakasema sasa tumepata kivuli, na jina likamwangukia yeye mwenyewe: Kivuli. Kituo cha mabasi nacho kikasogea mpaka mlangoni pake. Tangu hapo mtu wa mji ule akitaka nyanya, chaja ya simu, uzi wa kushonea au mtu wa kuzungumza naye tu, hupita chini ya paa lile.

Asubuhi ya kwanza watu walitia sahihi vizuri. Baada ya adhuhuri wakaja walinzi wawili wenye sare za buluu, wakamwamkia kwa adabu zote, kisha wakaiinua meza, viwiko vya Mkunga vingali juu yake.

"Tusamehe, mama. Tumetumwa tu."

"Najua, wanangu. Na mimi nilikuwa natumwa," alisema. "Ila mimi nilikuwa namsubiri mtu amalize kwanza."

Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa alikwenda bila meza, amekumbatia karatasi kifuani, wakamsindikiza mpaka nje ya geti, kando ya barabara ya malori, ambako hata mbwa hasimami. Jioni alikwenda kwa binti yake, akala mpaka akamaliza, akanawa, akamgeukia mkwe wake.

"Hivi mwanangu, hiyo katiba unayotusomea kwenye chakula, ina kazi nyingine?"

Mkewe Ibara alicheka mpaka akapaliwa. Mwanamume angejibu nini? Mkwe ni mkwe. Akasema, "Mama, hiyo ni kesi ya asubuhi moja."

Ofisini Ibara alikuwa amepanga chumba kimoja na wakili mkubwa kwake kwa umri, mama mnene, mpole, ambaye kazi yake ilikuwa hati za nyumba na mashamba, ndiyo maana watu walimwita Mama Hati. Katikati yao palikuwa na pazia. Ibara alipokuwa akiandika mashitaka dhidi ya Kivuli huku akipiga mluzi, sauti ilitoka upande wa pili.

"Umeshika katiba ipi, bwana mdogo?"

"Kwani ziko ngapi?" Ibara aliuliza, akacheka mwenyewe.

Pazia halikujibu. Mama Hati alikuwa na tabia hiyo: ukitaka kujifunza kwa kujikwaa, anakupisha njia.

Basi ndiyo hiyo siku tuliyoanza nayo. Ibara alisimama mbele ya jaji akaanza kumwaga. Alisoma ibara ya katiba ya nchi inayolinda uhuru wa maoni, akaisoma tena kwa sauti ya chini ili iume zaidi. Alitaja mababu waliopigania uhuru. Alitaja mama mjamzito asiye na sauti. Mpaka yule mzee wa kesi ya shamba akawa anatikisa kichwa kwa uchungu. Jaji, mwembamba, mwenye miwani iliyoshuka puani, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Hotuba nzuri, wakili. Nina swali dogo."

Waliokaa sana mahakamani wanajua: jaji akisema ana swali dogo, tafuta pa kushika.

"Ibara uliyonisomea inaanza na maneno 'Serikali haitazuia'. Inamfunga nani?"

"Serikali, Mheshimiwa."

"Na yule bwana mwenye suti ya kijivu ni serikali?"

Ibara akamtazama Kivuli. Kivuli naye akajitazama, kwanza tai, kisha viatu, kama mtu anayetaka kuhakikisha.

"Hapana, Mheshimiwa. Ni… mfanyabiashara."

"Basi hii fimbo uliyoinua tangu asubuhi, unataka kumpiga nani?"

Kicheko kikalipuka. Karani akazinduka, akacheka bila kujua anacheka nini. Na katika vicheko vyote kimoja Ibara alikitambua bila kugeuka, kwa sababu kila sikukuu hukisikia sebuleni kwake. Kilikuwa cha mama mkwe.

Wakili wa Kivuli, kijana mrefu mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, alisimama akaomba shauri litupwe. Hakuwa na haja hata ya kufungua faili. Jaji alivua miwani, akaifuta, akasema angeweza kulitupa, tena kwa raha. Lakini mama yule ana siku zinazomkimbia, na si yeye aliyechagua fimbo. Akampa wakili wake mpaka kesho asubuhi arekebishe mashitaka.

"Kalale na vitabu vyako, wakili," alisema akiinuka. "Nasema vyote."

Ukumbini, Ibara alitamani vigae vifunguke vimmeze. Mkunga alimkuta ameegemea ukuta, joho limemlegea kama nguo ya kuazima.

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Mtoto akitanguliza miguu hatumlaumu, tunamgeuza," alisema. "Twende ukanywe chai, uso umekupauka."

Ofisini kulinuka gundi ya viatu kutoka chini, kama kawaida, na fundi alipomwona akipanda ngazi alijifanya ana msumari mdomoni, asiulize. Mama Hati alikuwa amekwisha kulifungua pazia. Habari za mahakamani hazisubiri lifti.

"Sema tu," Ibara alisema, akijibwaga kitini. "Nimekaa tayari kutukanwa."

"Nikutukane wewe, halafu nani abaki?" Mama Hati alimsukumia kikombe. "Chuoni tulitahiniwa katiba ya nchi. Ya jimbo tukaambiwa tujisomee wenyewe. Nani alijisomea?"

"Wewe."

"Mimi nilianza kuisoma baada ya kushindwa kesi. Sisi mawakili wa mji huu tuna ugonjwa mmoja. Mtu akionewa tu, tunakimbilia kubwa, maana ndiyo inayosikika vizuri mdomoni."

Akavuta mtoto wa meza, na chini ya majani ya chai akatoa kijitabu chembamba chenye jalada la kijani. Alikipekua mpaka akafika alipotaka, akamgeuzia mwenzake. Ibara alisoma kwa sauti: "Kila mtu ana uhuru wa kusema, kuandika na kueneza maoni yake juu ya jambo lolote, naye atawajibika akiutumia uhuru huo vibaya."

"Umeiona serikali hapo?"

Alisoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Haipo."

"Haipo kabisa. Ile ya nchi inaiambia serikali: usiguse. Hii yetu haikumtaja wa kuambiwa usiguse. Imesema tu kila mtu anao huo uhuru. Kwa hiyo anao hata mbele ya mwenye soko."

"Lakini inaruhusiwa? Ya jimbo kutoa zaidi ya ile ya nchi?"

"Ya nchi ni sakafu, bwana mdogo. Hakuna jimbo linaloruhusiwa kuchimba chini yake. Lakini nani kasema ukiwa na sakafu usiweke godoro?"

Ibara aliruka kitini, chai ikamwagikia tai. Alikwisha kuanza kuitafuta kalamu, uso umeng'aa kama sufuria ya harusi, Mama Hati alipomwekea kiganja juu ya karatasi.

"Usianze kucheza, ngoma haijaisha. Funua mbele."

Mbele kulikuwa na ibara nyingine, fupi na ngumu kama kokwa. Kila mtu analindwa katika mali yake. Kivuli naye alikuwa mtu.

"Sasa ipi inaishinda nyingine?" aliuliza Ibara, akikaa tena polepole.

"Hapo ndipo penye mshahara wako. Zote mbili ni halali, na hakuna kitabu kitakachokuamulia. Jaji atataka kujua kitu kimoja: pale ni mahali gani? Sebuleni kwa mtu, au barabarani? Kwa hiyo usiniletee ibara tena leo. Niletee soko."

Alasiri ile Ibara aliliingia Soko la Kivuli kama mtu asiyewahi kuliona, na hali alikuwa akipita mle kila siku. Mkunga alikuwa pembeni yake, na kutembea naye ilikuwa mateso, maana kila baada ya duka moja mtu alimsimamisha. Huyu anataka kumwonyesha mtoto, yule anauliza habari za goti, mwingine anamsalimia tu na kucheka kwa aibu kwa sababu mama huyu aliwahi kumwona akilia kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Ibara akawa anatazama. Benchi karibu na maduka ya vyombo lilikuwa na wazee wanaocheza drafti, na hapana hata mmoja aliyeshika kifurushi. Wanafunzi walikuwa wamejazana ngazini wakisubiri basi. Palikuwa na ubao wa matangazo: vyumba vya kupanga, msiba, paka aliyepotea mwenye madoa. Chini ya saa kubwa ya katikati, mwanamume mwenye kipaza sauti alikuwa akikata nyanya hewani ili kuonyesha ukali wa visu anavyouza. Ibara alikumbuka kwamba palepale, wakati wa uchaguzi uliopita, wagombea wawili walihutubia siku moja, wa kwanza akamwachia wa pili kipaza sauti kikiwa bado cha moto. Na juu ya yote, kila baada ya muziki kidogo, spika za darini zilikuwa zikitangaza: Karibuni nyote Soko la Kivuli, hapa ndipo mji unapokutana.

"Mama, haya maneno huwa yanasemwa kila siku?"

"Tangu lifunguliwe. Siku hizi wajukuu wangu wanayaimba bafuni."

Kwenye kibanda cha vifungo na zipu alikaa mwanamke kijana, tumbo limefika mezani kabla yake. Alimvuta Mkunga mkono.

"Mama, niambie kweli. Watafunga?"

"Ndiyo tunahangaika wasifunge."

"Maana mimi wa kwanza alikuja mbio, hata viatu sikuwahi kuvua. Huyu nikiambiwa nimpeleke ng'ambo, nitazaa kwenye foleni ya magari, dereva wa lori awe mkunga wangu. Karatasi ya kutia sahihi iko wapi? Juzi nilikutafuta sikukuona."

"Iko nje, getini. Penye malori."

Mwanamke alilitazama geti lilivyo mbali, akalitazama tumbo, akashusha pumzi. Asubuhi Ibara alikuwa amemhubiri mama mjamzito asiye na sauti, na huyu hapa sauti alikuwa nayo tele. Kilichokosekana kilikuwa meza.

Walipofika kwenye saa, Kivuli mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi lake, suti ileile ya kijivu, anamenya karanga. Alimwamkia Mkunga kwa kuinuka. Kisha akamgeukia Ibara, meno yote nje.

"Wakili! Leo umenifurahisha. Nimekwenda nyumbani nikamwambia mke wangu, kumbe mimi nilidhaniwa serikali."

"Furahi, bwana. Furahi leo, kesho zamu yangu."

"Kaa ule karanga." Wakakaa. Kivuli akashusha sauti. "Mimi na mama hatuna ugomvi. Hata hiyo wadi, isifungwe. Lakini leseni yangu inatiwa sahihi na baraza. Wakubwa wakipita hapa wakaona meza ya kuwapinga imekaa chini ya saa yangu, mimi nitawaambia nini?"

"Na yule bwana wa kipaza sauti?"

"Yule anauza visu."

"Kwa hiyo visu ruhusa, kalamu marufuku."

Kivuli alicheka, karanga ikamponyoka. Alipomaliza kucheka akamkazia macho. "Hilo usiende kulisema kule."

"Bwana, mimi leo nimechekwa na jaji, karani, na mama mkwe. Nikiwa na neno zuri moja, utanipokonya?"

Wakaachana kwa kushikana mikono. Nyumbani mkewe alimpakulia chakula, akamwangalia kwa jicho la pembeni.

"Nimesikia."

"Nani kakwambia?"

"Mama. Halafu karani. Halafu fundi viatu, ila yeye alisema ameapa hatasema." Akamwongezea mboga. "Kesho zungumza kama unavyozungumza na mimi ukiwa na makosa. Ukiwa na makosa huwa unaeleweka."

Asubuhi Ibara alisimama na kijitabu cha kijani peke yake. Mababu aliwaacha wapumzike. Alisoma ile sentensi moja, akamwomba jaji aitafute serikali ndani yake, na jaji alipoinua uso bila kuipata, akahama vitabu akaingia sokoni. Akaeleza benchi, drafti, wanafunzi, ubao na paka wake. Akaeleza wagombea wawili chini ya saa. Akayarudia maneno ya spika, na watu wawili watatu wakajikuta wanayamalizia kabla yake. Kisha akasema lile la visu na kalamu, na Kivuli akaufunika uso kwa mkono. Mwisho akasema haombi soko zima. Anaomba meza moja kando ya nguzo, isiyoziba njia, bila kipaza sauti, saa za biashara tu, mpaka mwezi uishe.

Yule wakili mrefu naye hakuwa wa mchezo. Alisema mali ni mali hata ikiwa na benchi. Akasema mtu akifungua mlango kwa wanunuzi hajamfungulia kila mwenye hoja, na kwamba leo ni mkunga, mama wa watu, lakini kesho watakuja wenye matusi na vurugu, na sheria itakuwa ileile. Alisema vizuri. Hata Mama Hati, aliyeacha hati zake akaja kuketi nyuma kabisa, alikunja midomo kwa heshima.

Jaji alitoa amri yake siku hiyohiyo. Alisema mwenye mali anabaki kuwa mwenye mali, na anaweza kupanga mahali, saa na utulivu, na mwenye matusi au vurugu anaweza kumtoa. Lakini aliyeubadilisha uwanja wake kuwa mahali pa mji kukutana, akautangaza hivyo kutwa kucha, hawezi tena kuchagua kwa kuangalia nani ana maoni gani. Katiba ya jimbo inampa mama yule meza yake kando ya nguzo. Akaipata, na sahihi zikatimia mwezi haujaisha. Baraza likakaa hadharani siku mbili likisikiliza akina mama, kisha likaona busara kuiacha wadi pale ilipo.

Ila waliokuwapo mahakamani watakwambia kwamba amri ile ilikuwa ya kuandikwa tu. Kesi ilikwisha kabla yake, pale jaji alipouliza kama kuna mwenye la kuongeza, na Kivuli akamgusa wakili wake bega, akasimama mwenyewe.

"Mheshimiwa, mimi si mtu wa vitabu," alisema, na hakuwa anacheka tena. "Pale nilianza na jembe, namimina zege mwenyewe, mke wangu ananiletea maji. Watu wanasema soko, lakini mimi pale ni nyumbani kwangu. Kila mmoja humu ana kwake. Umemkaribisha mgeni, umempa kiti, sawa. Sasa huyo mgeni atandike meza katikati ya sebule, awaite majirani, waanze kuwajadili watu unaowategemea kwa mkate wako. Utakubali? Namuuliza mama mwenyewe, maana namheshimu. Angekuwa ni yeye, nyumbani kwake, angekubali?"

Lilikuwa neno zito, la mtu mwenye jasho lake. Jaji aliweka kalamu chini. Mzee wa kesi ya shamba, aliyekuwa amerudi kwa hiari yake safari hii, alishusha kichwa. Ibara alikuwa amekwisha kusimama, kidole kimo ndani ya kijitabu, mdomo wazi, alipohisi joho linavutwa kwa nyuma.

"Kaa, mwanangu," Mkunga alisema. "Nimeulizwa mimi."

Jaji akampa ruhusa kwa kidevu. Mkunga akainuka taratibu, akaitengeneza kanga begani, akamtazama Kivuli kwa upole, jinsi anavyotazamwa mtoto aliyezaliwa mzima.

"Baba, wewe njoo kwangu siku yoyote, na ukibanwa na haja nitakuonyesha choo," alisema. "Kwako wewe nilikilipia dirishani kwanza, nikapewa na risiti."